Ombi la Kiti cha Mbele

“Fungua mdomo. Zaidi. Fungua bwana, simezi mtu mimi!”

Mgonjwa alifungua. Daktari wa meno akaivuta taa karibu, akaingiza kioo chake kidogo, akaguna. Gego la nyuma upande wa kushoto lilikuwa limeoza mpaka linatia huruma. Ganzi ilishachomwa, pamba zilishajazwa, na mpira wa kunyonya mate ulikuwa ukikoroma kwenye kona ya mdomo. Mtu wa hali hiyo hasemi kitu. Anachoweza ni kukodoa macho na kuing’ang’ania mikono ya kiti.

Huyu hakuing’ang’ania. Aliipiga kwa vidole viwili, kimoja baada ya kingine, polepole, halafu mara mbili haraka, halafu kimya, halafu tena.

Daktari aliviona vile vidole, koleo likamponyoka na kuanguka kwenye sinia kwa kishindo.

“Kuna nini, Daktari?” aliuliza muuguzi, mama mtu mzima aliyebakiza miezi minne astaafu na ambaye hakupenda vishindo.

“Hiyo ni ‘Treni ya Saa Nane’.”

“Treni iko wapi?”

“Kwenye vidole vyake. Ni wimbo.” Daktari alimwinamia mgonjwa. “Wewe ni Besi?”

Macho ya mgonjwa yalimtoka. Daktari akaishusha barakoa yake mpaka kidevuni.

“Hihi... ha... hele!” alisema mgonjwa, mate yakimchuruzika.

“Anasemaje?”

“Ananiita Kiti cha Mbele. Ndilo jina langu la chuo.”

“Basi mnajuana,” alisema muuguzi. “Vizuri. Tung’oe.”

“Hatung’oi. Nina jambo na huyu bwana, na leo hawezi kunikatiza.”

Msomaji, usimshangae Daktari. Jambo lenyewe lilikuwa na miaka kumi na tisa.

Enzi zile mji wao ulikuwa na vyuo vinne na bendi saba, na hakuna aliyejua hesabu hiyo ilikujaje. Wa ualimu walikuwa na bendi mbili zisizosalimiana. Wa kilimo walikuwa na tarumbeta tatu na hakuna wa kuzipiga vizuri. Wa uhandisi walijitengenezea spika wenyewe, mwimbaji wao akawa anaimba na glavu mkononi kwa kuogopa shoti. Jumapili alasiri ungewaona barabarani wanasukuma vyombo kwa mkokoteni, huku wanabishana nani aliharibu wimbo wiki iliyopita. Wote waliishia kwenye ukumbi mmoja wenye bati bovu na viti vya mbao. Unaingia kwa kitambulisho cha chuo, unanunua chupa moja ya soda, na hiyo hiyo unaifanyia ujanja mpaka jua linapunga. Daktari alikuwa mwaka wa tatu, na kila Jumapili alikaa kiti kile kile, mstari wa mbele, mkono wa kushoto.

Bendi aliyoifuata ilikuwa ya kaka yake. Kaka alipiga ngoma, na kipaza sauti kilikuwa chake pia kwa sababu hakuna aliyethubutu kumnyang’anya. Sheria yake kwa wenzake ilikuwa moja: atakayemtazama dada yangu, fimbo hizi zitavunjikia kichwani kwake.

Umeme nao ulikuwa na tabia zake. Ukikatika, magitaa yote yanakufa. Ngoma inaendelea, watu wanaimba kwa vifua vyao, wapiga gitaa wanaweka vyombo chini na kwenda kunywa maji. Mpiga gitaa la besi, ndiye huyo Besi, peke yake hakuacha. Aliendelea kupiga gitaa lisilosikika mpaka mwisho wa wimbo, na hakukosea hata mahali pamoja. Binti wa kiti cha mbele alivitazama vile vidole Jumapili baada ya Jumapili mpaka akaujua kila wimbo kwa macho. Na akapenda. Alipenda vibaya.

“Nilikuandikia,” Daktari alisema sasa, kidole cha glavu kikimwelekea mgonjwa puani. “Mimi, mtoto wa kike, nilikuandikia nikakwambia nakupenda. Nikakupa na njia rahisi ya kunijibu, uanze na wimbo fulani baada ya mapumziko, basi! Wewe ukanipigia treni. Treni! Ile ile ya kila wiki! Nikatoka pale nalia, nikapanda ngazi za bweni nalia, na sikukanyaga tena ule ukumbi.”

“Ah-ah! Ah-ah!” Besi alitikisa kichwa mpaka mpira wa mate ukachomoka.

“Usitikise kichwa. Ulisoma au hukusoma?”

Besi alichomoa simu mfukoni, akaandika haraka, akamwonyesha kioo.

“Uliniandikia wapi? Sijawahi kupata barua yako.”

“Kwenye karatasi ya maombi! Ile tuliyokuwa tunaandikia nyimbo tunazotaka na kuitia kwenye boksi la viatu pale jukwaani. Nikaikunja, nikaandika juu ‘Besi asome mwenyewe’.”

Besi alifumba macho. Akaandika tena, polepole, kama mtu anayekiri kosa polisi.

“Yale maombi tulikuwa hatuyasomi.”

“Hamsomi? Kaka alikuwa anatangaza kila mara! ‘Wimbo huu ni ombi la mpenzi wetu wa pale nyuma!’”

“Alikuwa anadanganya. Tulijua nyimbo kumi na moja tu. Tulizipiga kwa mpangilio ule ule. Maombi tungeyafanyia nini?”

Muuguzi alicheka mpaka akakaa kwenye kiti cha magurudumu, kikamrudisha nyuma hadi ukutani. Daktari hakucheka. Alikuwa amekaa mstari wa mbele miaka miwili, anaujua mpangilio wa nyimbo kuliko mwenye bendi, na hata siku moja hakujiuliza kwa nini maombi ya watu hayabadilishi kitu.

“Muulize kama ana mke,” alisema muuguzi akijifuta machozi.

“Mama!”

“Nimebakiza miezi minne hapa, sina muda wa kuzunguka.”

Besi aliandika bila kuulizwa mara ya pili. “Nilikuwa naye. Tuliachana miaka minane iliyopita. Hatugombani. Mimi ni fundi wa lifti. Nimekuja kwa ajili ya Jumapili, ukumbi unafanywa duka la samani na bendi inapiga mara ya mwisho. Na wewe ulipotelea wapi? Nilikuwa nakutafuta kwa macho kila wiki. Nikadhani umechoshwa na gitaa langu.”

Daktari aliisoma mara mbili. Moyo ulimruka, naye akaukemea ukae chini. Mwanaume aliyebanwa ana majibu mengi, na hili la kutosoma lilikuwa tamu mno kuaminika.

Simu yake mwenyewe ikalia mezani. Ujumbe ulitoka kwa Mkaguzi, mkaguzi wa mahesabu aliyemposa mwezi uliopita kwa barua yenye vichwa vya habari.

“Habari Daktari. Nakumbusha: jibu la posa yangu linatarajiwa Jumapili, kabla ya saa kumi jioni. Asante kwa ushirikiano.”

Aliupindua uso wa simu chini. Mkaguzi hakuwa mtu mbaya, na Daktari alishaanza kujifundisha kusema ndiyo.

“Hizo karatasi zilikuwa zinaenda wapi?” aliuliza.

Besi aliandika: “Muulize kaka yako. Alikuwa anazishindilia ndani ya ngoma kubwa, ile ya kukanyaga kwa mguu, ili isilie kama pipa. Kaka yako bado anazo zile fimbo?”

“Anazo.”

Besi alimeza mate, au alijaribu.

“Kesho saa nne uje nyumbani kwa kaka,” alisema Daktari akipandisha barakoa. “Kama imo, nitajua. Kama haimo, nitajua pia. Sasa fungua mdomo.”

Jino lilitoka kwa mkupuo mmoja.

*

Kaka alikuwa siku hizi anafundisha udereva. Hata akiwa sebuleni kwake, mguu wa kulia ulikuwa ukikanyaga zulia, ama breki ama ngoma, yeye mwenyewe hakujua. Alimpokea Besi kwa kumkumbatia mpaka yule mwenye shavu lililovimba akalia.

“Besi! Mwembamba wewe! Umekutana wapi na dada yangu?”

“Kazini kwake,” alisema Besi, akajisogeza hatua tatu mbali na huyo dada.

“Kaka, ngoma yako ya zamani iko wapi?” aliuliza Daktari.

“Si hiyo hapo umeegemea?”

Ilikuwa katikati ya sebule, imelazwa, juu ina kioo cha mviringo, kitambaa cha kufuma na vikombe sita. Wifi yake alikuwa ameigeuza meza miaka kumi iliyopita, na hakuna meza aliyoipenda zaidi.

“Nataka kuifungua.”

“Kufungua nini?” Wifi alitokea jikoni na mwiko mkononi. “Meza yangu? Wifi, nakupenda, lakini meza yangu haiguswi.”

“Kuna karatasi yangu niliipoteza humo, nikiwa chuo.”

“Karatasi ya nini? Ya mtihani?” aliuliza Kaka.

Wifi hakuuliza. Alimtazama Daktari, ambaye alikuwa amepaka wanja Jumamosi asubuhi. Akamtazama Besi, ambaye alikuwa anatazama dari. Mwiko ukashuka.

“Ngojeni nitoe vikombe,” alisema.

Skrubu zilikuwa zimeshika kutu. Kaka alijaribu kwa mkono, kwa bisibisi, kwa matusi madogo madogo. Mwishowe Daktari alifungua mkoba, akatoa koleo lake la magego, akapiga goti.

“Unang’oa meza yangu kwa hilo?” Wifi alishika kichwa.

“Hii imeoza mpaka kwenye mzizi. Shikeni taya. Namaanisha pembeni hapo, shikeni.”

Skrubu nane zilitoka moja moja, na kila moja ilipotoka Besi alijishika shavu. Ngozi ya ngoma ikainuliwa, harufu ya vumbi na ujana ikajaa sebuleni. Likatoka kwanza pazia la bweni la wasichana, lililotafutwa muhula mzima. Kisha likatoka sweta jekundu lililofumwa kwa mkono, lenye moyo kifuani.

“Hili alilifuma nani?” Wifi aliuliza kwa sauti ya upole iliyomtisha kila mtu.

“Bibi,” alisema Kaka.

“Bibi yako alikuwa haoni.”

“Ndiyo maana moyo umekaa upande.”

Wifi alilikunja sweta, akaliweka kando kama ushahidi. Chini yake zikaanza karatasi. Zilikuwa mamia. “Naomba ule wa treni.” “Naomba wimbo wowote ila ule wa treni.” “Mpiga ngoma, punguza.”

“Nani aliandika hii?” Kaka alifoka. “Punguza nini?”

Simu ya Daktari ililia. “Zimebaki saa thelathini. Mkaguzi.” Aliirudisha mkobani, akaendelea kuchambua. Nusu ya ngoma ilikwisha. Robo tatu. Besi naye alikuwa amepiga magoti upande wa pili, jasho likimtoka, maana yeye ndiye aliyejua kwamba hajaisoma, na hakuwa na shahidi mwingine zaidi ya hilo tumbo la ngoma.

Karibu na chini kabisa Daktari alisimamisha mkono.

Ilikuwa karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne, juu imeandikwa “Besi asome mwenyewe”. Ukingoni ilikuwa imebandikwa kwa chingamu iliyokauka ikawa kama jiwe. Daktari alikwenda nayo dirishani. Akatoa kioo chake kidogo cha kazi, akaikagua ile chingamu kama anavyokagua mdomo wa mtu.

“Unatafuta nini?” Besi alinong’ona nyuma yake.

“Niliing’ata ili ishike. Ona, alama hizi. Chonge la kushoto limeingia ndani kidogo. Mwaka uliofuata nilifungwa waya likanyooka.” Aliigeuza karatasi kwenye mwanga. “Hili ni jino langu nilipokuwa na miaka ishirini na mbili. Na hakuna aliyelibandua.”

“Nilikwambia.”

“Uliandika. Hukuniambia, ulikuwa na ganzi.”

Alitaka kucheka, badala yake macho yakamjaa machozi. Miaka yote hiyo alijiona mtu aliyekataliwa. Kwa ajili ya Jumapili moja alikuwa ameacha kuomba chochote kwa mtu yeyote, kumbe hakukataliwa. Hakusomwa tu.

Alirudi kukusanya karatasi zilizobaki ili kuficha uso, na hapo akaona ya juu kabisa. Mwandiko ulikuwa ule ule aliousoma kwenye fomu ya mgonjwa jana, herufi ndogo zilizolala.

“Ombi: yule wa kiti cha mbele arudi. Wimbo wowote.”

Chini yake ilikuwapo nyingine. “Ombi: yule wa kiti cha mbele arudi. Au ajulikane kama ni mzima.” Na nyingine. Zilikuwa tisa, moja kwa kila Jumapili iliyokuwa imebaki chuo kifungwe.

“Hizo usisome,” Besi alisema, masikio yakiwa mekundu. “Niliziandika kwa sababu nilijua hakuna atakayezisoma.”

“Mnanong’ona nini hapo dirishani?” Kaka aliuliza toka kwenye ngoma. “Karatasi imepatikana?”

“Imepatikana.”

“Inasema nini?”

“Siri ya daktari na mgonjwa.”

Wifi alimvuta mumewe sikio akamwomba amweleze zaidi kuhusu bibi na sweta.

Besi alibandua chingamu taratibu, akasoma, akarudia. Alipoinua macho hayakuwa ya mzaha tena.

“Jibu bado linapokelewa?”

“Masharti yamo humo humo.”

“‘Anza na “Mvua ya Alasiri” baada ya mapumziko,’” alisoma kwa sauti ya chini. “‘Usipoanza nao nitajua, na sitakusumbua tena.’ Kiti cha Mbele, kaka yako haruhusu mpangilio ubadilike. Na zile fimbo...”

“Besi, unatoa watu waliokwama kwenye lifti, sivyo?”

“Ndiyo.”

“Mimi nimekwama miaka kumi na tisa. Sitaki kuambiwa dirishani. Nataka kujibiwa pale nilipoulizia.”

*

Jumapili saa tisa ukumbi ulikuwa umefurika. Wasichana wa enzi zile walikuwa wamekuja na miwani ya kusomea, wavulana na vitambi, na wa uhandisi walimsindikiza mwimbaji wao akiwa bado na glavu, kwa kumbukumbu tu. Viti vya mbao vilikuwa vimebandikwa karatasi za bei za duka jipya. Muuguzi alikaa pembeni ya Daktari na mfuko wa karanga.

“Ndiyo yule?” alisema. “Shavu limeshuka. Nilisema ni mtu wa sura.”

Nusu ya kwanza ilikwisha kwa nyimbo sita, mpangilio ule ule. Mapumziko yakaja, yakaisha. Ilikuwa saa tisa na dakika hamsini. Simu ilitetemeka mapajani: “Dakika kumi. Mkaguzi.”

Jukwaani Kaka alikaa nyuma ya ngoma yake, iliyoazimwa kutoka sebuleni kwa kiapo mbele ya Wifi. Akashika kipaza sauti. “Wimbo huu ni ombi la mpenzi wetu wa pale nyuma! ‘Treni ya Saa Nane’!”

Akagonga fimbo. Moja, mbili, tatu, na kabla ya nne umeme ukakatika.

Ukumbi mzima ulipiga kelele za furaha, maana hata hilo walikuwa wamelikumbuka. Magitaa yakafa. Kaka hakujali, ngoma ambayo sasa haikuwa na kitu tumboni ikanguruma kama pipa, watu mia tatu wakaidaka treni kwa vifua vyao. Wapiga gitaa wakaweka vyombo chini, wakaenda kunywa maji.

Besi hakuweka. Mwanga wa alasiri uliingia kwenye matundu ya bati ukamwangukia mikononi, na vidole vikaanza kutembea kwenye nyuzi zisizosikika.

Daktari aliinama mbele. Watu wote waliimba treni. Ngoma ilipiga treni. Lakini vidole vile havikuwa kwenye treni hata kidogo. Vilishuka taratibu, vikasubiri, vikashuka tena, vikarudi juu kwa hatua tatu fupi. Hakuna mwingine pale ukumbini aliyejua.

“Unalia nini?” muuguzi aliuliza, mdomo umejaa karanga. “Si wanapiga treni?”

“Yeye hapigi treni, mama. Anapiga ‘Mvua ya Alasiri’.”

Muuguzi alimtazama Besi, akamtazama Daktari, akaacha kutafuna. “Basi mjibu yule wa dakika kumi, mtu mzima asikae anasubiri.”

Daktari aliandika: “Mkaguzi, wewe ni mtu mwema na mimi ningekuharibia utaratibu. Jibu langu ni hapana. Nisamehe.”

Jibu lilirudi papo hapo. “Nimepokea. Imeniuma, lakini umewahi muda. Jalada nimefunga. Je, miadi yangu ya kusafishwa meno ya tarehe kumi na mbili bado ipo?”

“Ipo.”

Alisimama. Alitembea hatua nne mpaka ukingoni mwa jukwaa, na Besi alimwona, na vidole havikukosea hata mahali pamoja. Hapo umeme ukarudi.

Spika zilishtuka. Gitaa la besi lililipuka ukumbini na wimbo wake wa polepole katikati ya treni ya watu, kila mtu akapotea njia, mwimbaji akanyamaza, ngoma ikajikwaa ikasimama.

“Besi!” Kaka aliinuka, fimbo mkononi. “Unapiga nini wewe? Huo ni wimbo wa tisa!”

Besi alisogea kwenye kipaza sauti.

“Ni ombi.”

“La nani? Sisi tangu lini tuna...” Kaka aliuma maneno, maana watu mia tatu walikuwa wanasikiliza. Ndipo alipomwona dada yake chini ya jukwaa, amemshika Besi mguu wa suruali, uso umelowa na unacheka. Akatazama fimbo zake. Akatazama kichwa cha Besi. Kule kwenye viti Wifi alikuwa amesimama, sweta jekundu limekunjwa mkononi, anamtikisia kichwa taratibu.

Kaka alikaa. Akakohoa. Akavuta kipaza sauti.

“Wapenzi,” alisema, “wimbo huu ni ombi la mpenzi wetu wa kiti cha mbele.”

Maneno hayo alikuwa ameyasema mara mia pale pale, na hii ndiyo ilikuwa mara ya kwanza anasema kweli. Akainua fimbo, akahesabu mpaka nne, akaanza kupiga mvua.